Siku nane kwa baiskeli bonde la Somme, kutoka Albert hadi baharini

Wiki ya tatu sasa tangu nirudi Ghent. Daftari lililolowa mvua nimelikausha juu ya rejeta, risiti nimezikunjua, picha za simu nimezipanga kwa tarehe. Wengi mmeniuliza tulipita wapi, tulilala wapi na ilitugharimu kiasi gani, kwa hiyo naandika siku kwa siku.

Tulikuwa sita, wote tunaongea Kiswahili, kila mmoja na cha kwao. Fundi, mzaliwa wa Likoni anayeishi Leeds, ndiye aliyebeba spana, viraka na pampu. Dada Mkubwa ni mtu wa Moshi, nesi huko Antwerp. Mlubumbashi anafundisha shule Lille, na Kifaransa chote cha safari kilipita mdomoni mwake. Shemeji na mkewe kwao Bujumbura, makazi yao Brussels. Mimi ni wa Tanga.

Niseme mapema kilichonipeleka. Babu yake baba yangu alichukuliwa upagazi katika Vita vya Kwanza vya Dunia, mwaka Waingereza walipoingia Tanga, 1916. Hakurudi. Hatujui alifia njia ya wapi wala nani alimfukia. Kilichobaki ni jina, na jina hilo nimepewa mimi. Mlubumbashi aliponieleza kwamba kule Somme, kaskazini mwa Ufaransa, askari wa vita hivyo wana mawe yenye majina yao, na wasiopatikana miili majina yao yamechongwa ukutani, nikasema lazima nikaone kwa macho yangu.

Siku ya 1, Jumamosi 14 Septemba 2024: Lille hadi Albert

Treni za mkoa hazitozi baiskeli, lakini ndoano za kuzitundikia ni chache. Tulitokea na baiskeli sita zenye mifuko pande zote mbili, behewa la kwanza limeshajaa. Kondakta alitutazama, akashusha pumzi, kisha akatugawa mwenyewe: wawili mbele, wawili katikati, wawili nyuma, na mfuko wa Dada Mkubwa akaubeba kwa mkono wake. Tukachelewa kuondoka dakika arobaini. Mkiwa zaidi ya wanne, gawaneni kwenye treni mbili, mtapumua.

Ukitoka stesheni ya Albert unamwona Bikira Maria wa dhahabu juu ya mnara wa basilika, kamwinua mwanawe kwa mikono miwili. Januari 1915 kombora la Wajerumani lilimpiga akalala pembeni, akaning'inia hivyo zaidi ya miaka mitatu. Askari waliokuwa wakipita chini kwenda mstari wa mbele walisema siku atakapoanguka ndiyo vita vitakwisha. Akaanguka Aprili 1918, vita vikaendelea hadi Novemba. Mji wote ulisagwa, na basilika tunayoiona leo imejengwa upya.

Tulilala nyumba ya wasafiri kijijini, kilomita tatu nje ya mji, yuro 24 kwa kichwa, jiko juu yako. Mama mwenye nyumba hakuwepo, ila alituachia mezani pai ya vitunguu vya majani, flamiche wanaiita, na kikaratasi: hakuna nguruwe ndani. Mlubumbashi alikuwa amemdokezea kwa simu kwamba watatu kati yetu hatuli. Hakuna aliyemwomba pai. Tuliila yote ikiwa vuguvugu, na Shemeji akafuta sahani kwa mkate.

Kwa wasiokula nguruwe: huku vipande vyake vidogo hutiwa hata kwenye saladi. Sema kabla hujaagiza, usingoje sahani ifike.

Siku ya 2, Jumapili 15 Septemba: La Boisselle, Thiepval, Beaumont-Hamel

Kilomita 34, mizigo tumeiacha nyumbani. Jua lilichomoza na ukungu, mashamba ya ngano yameshavunwa, yamebaki mabua.

La Boisselle kuna shimo. Waingereza walichimba njia chini kwa chini hadi chini ya mahandaki ya Wajerumani, wakapakia baruti, na saa 1 na dakika 28 asubuhi ya 1 Julai 1916 wakailipua. Shimo lina upana wa karibu mita 90 na kina cha zaidi ya mita 20. Leo majani yamelivika, na ukingoni kuna njia ya mbao ya kulizungukia. Tulilizunguka kimya. Dakika mbili baada ya mlipuko ule askari walitoka mahandakini, wakaanza kupanda mteremko huu tuliokuwa tukiupanda sisi kwa giya ndogo. Siku hiyo moja jeshi la Uingereza lilipata majeruhi na wafu 57,470, na kati yao 19,240 walikufa.

Jambo la barabara: kutoka Albert kwenda Bapaume kuna barabara ya Warumi, imenyooka kama uzi, na malori yanaitumia vilivyo. Tuliipita kilomita moja tu tukaikimbia. Vijia vya mashambani ni vya mawe na matope lakini vina amani, na vibao vya makaburi vitakuongoza.

Thiepval unaiona kabla hujafika. Ni lango kubwa la matofali na mawe meupe, matao juu ya matao, limesimama kilimani kimo cha mita 45 hivi. Lilizinduliwa 1 Agosti 1932. Kwenye nguzo zake 16 yamechongwa majina zaidi ya 72,000 ya askari wa Uingereza na Afrika Kusini ambao miili yao haikupatikana au haikutambulika.

Majina yamepangwa kwa jeshi, ndani ya jeshi kwa cheo, ndani ya cheo kwa alfabeti. Nilikwenda moja kwa moja kutafuta Loyal North Lancashire Regiment, kwa sababu kikosi kimoja cha jeshi hilo kiliteremka Tanga Novemba 1914, katika vile vita ambavyo kwetu vinakumbukwa kwa nyuki waliowatimua askari. Nikalipata. Niliweka kidole kwenye jina la juu nikashuka nacho taratibu. Herufi zimekatwa kwa patasi, kingo zake bado kali, ukifumba macho unaweza kuzisoma kwa ncha ya kidole. Kwenye nguzo ya pili kidole kikateleza mahali palipo patupu. Mhudumu mmoja wa pale akatueleza: mabaki ya mtu yakipatikana shambani na akatambuliwa, huzikwa kaburini pake kwa heshima zote, na jina lake hufutwa hapa ukutani. Bado wanatafutwa. Miaka mia moja na zaidi, na bado mtu anahesabiwa mmoja mmoja.

Jina la babu nilijua halipo. Lakini jicho halina adabu, lilikuwa likilitafuta tu.

Nilikaa ngazini na Fundi. Tukazungumza habari ya zile sanamu za askari, ya Dar es Salaam ya mwaka 1927 na ya Nairobi ya mwaka 1928. Sote tumepita chini yake mara nyingi. Maandishi yake yanamwambia mpiganaji kwamba akifa kwa ajili ya nchi yake, wanawe watalikumbuka jina lake. Jina lenyewe halikuandikwa. Fundi akasema, "Sisi huku Likoni na nyie Tanga, wote tumeachiwa kukumbuka kwa kichwa." Wapagazi waliokufa upande wa Waingereza peke yao wanakadiriwa kufika karibu 95,000, kwa njaa, kuhara damu, malaria na uzito wa mzigo. Ukienda Kariakoo kununua kitenge, jina la soko hilo limetokana na kambi yao, Carrier Corps.

Beaumont-Hamel tulifika saa tisa. Baiskeli haziruhusiwi kuingia, mnazifunga nje. Mahandaki yameachwa kama yalivyokuwa, yamepinda kama nyoka chini ya majani mafupi yanayokatwa na kondoo. Watu wa Newfoundland, leo sehemu ya Kanada, wapatao 800 walitoka hapa asubuhi ya 1 Julai. Kesho yake yalipoitwa majina, walioitikia walikuwa 68. Kijana Mkanada aliyekuwa akitutembeza alitaja namba hiyo kwa sauti ya chini. Dada Mkubwa, ambaye kazi yake ni wodi ya majeruhi, alibaki nyuma yetu akiwa peke yake kwa muda mrefu, na hatukumharakisha.

Siku ya 3, Jumatatu 16 Septemba: Albert hadi Péronne

Jumatatu vijijini maduka mengi yamefungwa, na hata siku nyingine saa sita mchana kila kitu hufungwa hadi saa nane. Tulinunua mikate Albert kabla ya kuondoka, mirefu sita, yuro 1.20 mmoja, tukaifunga kwenye keria kama kuni.

Kabla ya Longueval tairi la nyuma la Shemeji lilipasuliwa na jiwe la gumegume. Haikuwa pancha ya kuziba kwa kiraka, tairi lenyewe lilichanika ubavuni, tyubu ikatokeza kama kidole. Tulikuwa tumeinama pale njiani ndipo tukaona, hatua nne kutoka tulipolaza baiskeli, makombora matatu yamelazwa chini ya nguzo ya umeme. Marefu kama mkono wa mtu mzima hadi kiwiko, kutu imeyavimbisha, na udongo mweupe wa chokaa umeyagandia. Mke wa Shemeji alirudi nyuma bila kusema neno.

Trekta likasimama. Mkulima akashuka, akatuonyesha kwa mkono tusogee mbali, akamweleza Mlubumbashi kwamba kila akilima yanatoka. Huyaweka pembeni ya barabara, hupiga simu, na wataalamu wa serikali huja kuyachukua. Baba yake alifanya hivyo, na babu yake pia. Usiyaguse hata kwa ncha ya kiatu, mengine yana gesi ya sumu ambayo haijafa. Kisha akatazama tairi, akaenda kwenye trekta, akarudi na kisu na kipande cha tairi kuukuu. Fundi alikilaza kwa ndani mahali palipochanika, akarudisha tyubu, akapuliza. Kiraka hicho kilimfikisha Shemeji hadi baharini. Bebeni kipande cha namna hiyo, hakina uzito na duka la baiskeli huku liko mbali.

Mkulima akauliza sisi kwetu tunalima nini. Dada Mkubwa akamjibu kwao ni kahawa. Akasema basi haiwezekani mtu wa kahawa apite shambani kwake bila kunywa. Akapiga simu, na baada ya robo saa mkewe akaja na gari, chupa ya chai imejaa kahawa na bakuli la plamu ndogo za njano. Tulikunywa tumesimama, upepo unavuma, kwa vikombe viwili tukipokezana. Mlubumbashi akasema, "Bantu ya huku beko na roho muzuri."

Msitu wa Delville, nje kidogo ya Longueval, ni mahali pa Afrika Kusini. Brigedi yao iliingia hapa katikati ya Julai 1916 ikiwa na watu zaidi ya 3,000. Siku chache baadaye wakatoka wachache sana kwa miguu yao, na mti ukabaki mmoja tu hai. Mti huo bado upo, umezungushiwa uzio. Kwa miongo mingi hapa walitajwa weupe peke yao. Waafrika weusi waliletwa Ufaransa kama vibarua bila bunduki, na zaidi ya 600 kati yao walizama na meli SS Mendi tarehe 21 Februari 1917 kabla hawajafika. Julai 2016 ulizinduliwa hapa ukuta wa majina, weusi na weupe pamoja. Miaka miwili kabla, mabaki ya Beleza Myengwa, kibarua wa kwanza wa kikosi chao kufa katika ardhi ya Ufaransa, yaliletwa yakazikwa hapa.

Nilisoma majina ya Kizulu na Kisotho na Kixhosa kwa sauti, kwa sababu ni majina ninayoweza kuyatamka. Hapo ndipo nilipoumia, kuliko Thiepval. Kumbe inawezekana. Kumbe hata baada ya miaka mia, watu wakiamua kutafuta kwenye makaratasi, majina hupatikana. Ripoti iliyotolewa Aprili 2021 na tume yenyewe inayotunza makaburi haya ilikiri kwamba wafu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa, na walioamua hivyo waliwaona hawastahili. Naliandika hili wazi kwa sababu vijana wengi wa kwetu hawajui kwamba lilikuwa uamuzi. Wanadhani majina yalipotea tu.

Rancourt tulipita makaburi ya Wafaransa na ya Wajerumani, maelfu kwa maelfu, misalaba ya Wajerumani ina rangi ya giza. Mvua ikaanza. Tukafika Péronne saa kumi na mbili jioni, kilomita 41.

Siku ya 4, Jumanne 17 Septemba: Péronne hadi Corbie

Asubuhi tuliingia makumbusho yaliyo ndani ya ngome ya Péronne. Kilichonivutia ni namna walivyolaza sare za askari sakafuni, ndani ya mashimo mapana, sare na viatu na sufuria ya kulia, unainama kuzitazama. Jipeni saa mbili.

Kutoka hapo ni mto. Njia ya Somme hufuata ile ya zamani ambayo farasi walipita wakikokota majahazi, tambarare, kilima hakuna, na ukiifuata yote utafika baharini bila kupotea. Kwa mwenye watoto au magoti mabovu hii ndiyo njia. Kilomita 50 hivi za siku hiyo naweza kuzisema kwa sentensi moja: maji, matete, bata, mvua.

Ila mlangoni pa kupandishia mashua, karibu na Cappy, mwangalizi wa lango alituona tumejikunyata chini ya mti akatufungulia banda lake. Kulikuwa na jiko dogo la umeme. Alitundika soksi zetu sita kwenye kamba yake, akatuonyesha picha za mafuriko ya zamani, maji yamefika dirishani. Hakutaka pesa. Mke wa Shemeji alimwachia pakiti ya majani ya chai ya Burundi aliyokuwa akiitunza tangu Brussels.

Karibu na Vaux-sur-Somme tulipita chini ya kilima alipoangushwa rubani wa Kijerumani Manfred von Richthofen, 21 Aprili 1918. Kambi ya mahema Corbie, yuro 9 kwa mtu, maji ya moto ya kutosha.

Jambo la maji ya kunywa: karibu kila kijiji kina makaburi, na makaburini kuna bomba. Wapanda baiskeli wote wa huku hujaza chupa pale. Soma kibao kwanza, kikiandikwa non potable usinywe.

Siku ya 5, Jumatano 18 Septemba: Villers-Bretonneux na Amiens

Kupanda kutoka Fouilloy hadi mnara wa Waaustralia ni kilomita mbili za kutoa jasho. Majina zaidi ya 10,000 mengine, ukuta mwingine. Kiingilio hakuna, hata kwenye kituo kipya cha maonyesho kilichofunguliwa 2018 nyuma ya mnara.

Mimi niliipenda zaidi shule ya kijijini. Villers-Bretonneux ilitekwa na Wajerumani Aprili 1918, na Waaustralia pamoja na Waingereza wakaikomboa usiku wa tarehe 24 kuamkia 25. Baada ya vita watoto wa shule wa jimbo la Victoria walichanga senti zao, shule ikajengwa upya, ikafunguliwa 1927. Uani kuna maandishi makubwa: msiisahau Australia. Ilikuwa siku ya mapumziko, ua mtupu, mpira mmoja umebaki chini ya mti.

Amiens tulilala hoteli ya karibu na stesheni, yuro 31 kila mtu kwa chumba cha watatu. Baiskeli zilikuwa shida. Walituahidi kwa simu kwamba zina mahali pa kulala, tukafika tukaambiwa hakuna. Baada ya nusu saa ya maneno zikalala kwenye ukumbi wa kifungua kinywa, zimepangwa nyuma ya meza. Ombeni ahadi ya namna hiyo kwa maandishi.

Kanisa kuu lilianza kujengwa 1220 na ni kubwa mno, shingo inauma kwa kutazama juu. Nyuma ya altare kuna malaika mdogo wa jiwe, ameegemeza shavu mkononi na analia. Wakati wa vita askari walinunua kadi zenye picha yake wakazipeleka kwao. Dada Mkubwa aliwasha mshumaa.

Jioni tulikula ficelle, chapati nyembamba iliyokunjwa na uyoga na krimu. Kwa kawaida ndani kuna nguruwe. Mpishi alitutengenezea watatu yenye samaki, bei ileile ya yuro 13.

Siku ya 6, Alhamisi 19 Septemba: Condé-Folie na Airaines

Asubuhi Mlubumbashi alisimama mbele ya meza ya chai akatangaza kwamba leo ndiyo siku majeshi ya Force Publique, jeshi la kikoloni la Wabelgiji huko Kongo, yalipoingia Tabora, 19 Septemba 1916. Mzee mmoja wa ukoo wao alikuwemo. "Alitembea na miguu toka Kongo mpaka kwenu," akaniambia. Nikamwambia huenda babu yangu alibeba mzigo kwenda kukutana naye.

Siku hii ilikuwa ya vita vile vingine, vya 1940. Condé-Folie kuna makaburi ya askari wa Ufaransa waliokufa Mei na Juni mwaka huo, zaidi ya 3,000, na wengi ni wa makoloni: Senegal, Sudan ya Kifaransa (Mali ya leo), Morocco, Madagaska. Katikati ya misalaba zipo safu za mawe yenye hilali na nyota. Mimi na Fundi tulivua helmeti, tukasimama mbele ya safu ya kwanza, tukawasomea Fatiha. Jina la kwanza mbele yangu lilikuwa Mamadou. Baba yake alikuwa na haki ya kujua mwanawe amelazwa wapi, na angalau jiwe lipo.

Airaines ni kilomita tisa hivi za kupanda na kushuka kutoka mtoni, nje ya njia. Watu wengi hawafiki. Fikeni. Hapa kapteni Charles N'Tchoréré, mtu wa Gabon aliyezaliwa Libreville 1896, aliongoza kundi lake la askari wa Kiafrika kuulinda mji dhidi ya vifaru vya Wajerumani. Waliposhikwa, 7 Juni 1940, Wajerumani walitaka asimame na askari wa kawaida kwa sababu ni mweusi. Akakataa. Alikuwa afisa wa jeshi la Ufaransa na alidai ashikwe kama afisa. Wakampiga risasi. Mwanawe, naye askari, aliuawa mwezi huohuo katika mkoa huuhuu.

Mnara wake upo mjini. Tulipokuwa tukipiga picha bibi mmoja mwenye kikapu cha sokoni alisimama, akauliza kama tumetoka Gabon. Mlubumbashi akamweleza kila mmoja na kwao. Bibi alisema mama yake aliwaona askari wale wakichimba barabarani na akawapelekea maji. Akamshika Mlubumbashi mkono kwa mikono yake miwili, akamshukuru, kana kwamba ndiye aliyeyanywa yale maji. Mlubumbashi, mtu wa maneno mengi, hakuwa na neno hadi tulipofika Long, tulikopiga mahema kando ya mto kwa yuro 8.

Siku ya 7, Ijumaa 20 Septemba: Long hadi Saint-Valery-sur-Somme

Abbeville tulinunua tyubu mbili na dawa ya cheni, tukaendelea. Baada ya hapo mfereji umenyooka kilomita 14 hadi baharini na upepo ulitupiga usoni mwanzo hadi mwisho. Tulipanga mstari, kila mmoja anaongoza dakika tano kisha anarudi nyuma.

Harufu ya chumvi nilianza kuisikia kabla ya kuona maji. Ghuba ikitoka maji inabaki mchanga na matope hadi upeo wa macho, na kondoo hulishwa kwenye majani yenye chumvi. Mimi mtoto wa pwani nilivua viatu nikaingia hadi magotini, maji baridi kama barafu. Msivuke ghuba kwa miguu bila mwenyeji, maji hurudi kwa kasi.

Hesabu, kwa wanaopanga: kila mmoja wetu alitumia yuro 415 kwa siku zote nane, treni, malazi, chakula na matengenezo ya baiskeli. Ungeweza kupunguza hadi 300 ukilala kwenye hema kila usiku.

Siku ya 8, Jumamosi 21 Septemba: Nolette na kurudi

Kilomita nane tu. Nolette ni kitongoji cha Noyelles-sur-Mer, na katikati ya mashamba kuna lango lenye nakshi za Kichina. Ndani ni mawe zaidi ya 800. Waingereza waliajiri Wachina wapatao 95,000 kuja Ufaransa kuchimba, kupakua meli na kubeba. Hawakupewa bunduki. Wengi wa waliolala hapa walikufa kwa magonjwa, na homa ya mafua ya 1918 na 1919 ilichukua sehemu yake. Kila jiwe lina namba ya kibarua, tarehe ya kifo, jina kwa maandishi ya Kichina na msemo mfupi. Kwenye mengi umerudiwa uleule, kwamba jina jema hudumu milele.

Nilitembea safu kwa safu. Watu hawa kazi yao ilikuwa moja na ya babu: kubeba. Mkubwa wao alikuwa mmoja, himaya ileile ya Waingereza, vita vilevile. Vita vya kwetu viliisha 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya hivi vya hapa.

Langoni kuna kijisanduku, ndani yake daftari la wageni. Nilitoa kalamu, ikagoma, wino umeganda kwa baridi ya asubuhi. Mlubumbashi akanipa ya kwake. Kwenye nafasi ya jina niliandika jina la babu, la kwake, la baba yake na la babu yake, yote matatu kama shangazi alivyonisomea kwenye simu usiku wa jana. Kwenye nafasi ya mahali nikaandika Tanga. Kwenye nafasi ya maoni nikaandika: mpagazi, 1916. Fundi akasoma begani kwangu, akachukua kalamu, akaandika la wa kwao chini yake. Akafuata Mlubumbashi.

Treni ya Noyelles ilikuwa ya saa saba na dakika kumi. Tulifika dakika sita kabla, ndoano zote zilikuwa tupu, na baiskeli sita zikaingia behewa moja.